Maji ya Kumiminiwa

Walisema sitamaliza hata mwezi mmoja. Binamu yangu Abudo, ambaye wakati huo alikuwa akiuza mafuta ya taa na kubadilisha fedha pale Namoto, alinitazama nikishuka kwenye mtumbwi kutoka ng'ambo ya Rovuma, begi mgongoni na diploma yangu ndani ya bomba la plastiki, akaniambia mbele ya wachuuzi wote, "Momade, hiyo karatasi huku tunafungia dagaa." Mratibu wa mradi wa afya kule Palma, Bwana Celestino, mtu wa kusini aliyevaa viatu vya kamba hata mchangani, aliigeuza diploma hiyo upande wa mbele na wa nyuma, akasema, "Aqui não é Mtwara," hapa si Mtwara. Akasema Kireno changu hakitanitosha kuandika relatório, ile ripoti ya kila mwezi, na kwamba watu wa Quionga, kijiji nilichopangiwa, wameshawafukuza maaktivista wawili, wahamasishaji wa afya, kabla yangu, wote wenyeji wa hapo hapo, sembuse mimi niliyekulia ng'ambo. Nayaandika haya kwa sababu leo ninasimamia kazi hiyo hiyo katika vijiji vyote vya kaskazini ya Palma, ripoti zangu husomwa mikutanoni kama mfano, na diploma imetundikwa ukutani juu ya meza ninayoandikia, kwenye fremu ya kioo. Ada yake niliilipa mwenyewe kwa kubangua korosho Mtwara, mpaka mafuta ya maganda yakanichubua vidole. Hakuna mtu aliyenibeba.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kuambiwa kwamba Assumane, mkwezi wa minazi wa Quionga, amefariki. Hakuanguka mnazini kama sote tulivyodhani itakavyokuwa siku moja. Aliugua kifua, akalala, akafia kwenye mkeka wake. Nilikuwa nakula wakati simu inaingia. Nilimshukuru aliyenipigia, nikamalizia chakula changu, nikaosha sahani. Mke wangu aliniuliza, "Kuna nini?" nikamjibu, "Assumane amekufa," na sauti yangu ilikuwa ile ile ninayotumia kusema kwamba umeme umekatika. Sijui kama ni ubaya. Tangu vile vita viunguze mji wa Mocímboa na kututawanya, wengi wetu tuko hivi. Kilio kipo mahali fulani, lakini hakitoki kwa wakati wake. Nilichoweza kufanya ni kukaa mezani na kuukumbuka mwaka ule wa kwanza wa watu kurudi, mwaka niliokaa nyumbani kwa Assumane, na ndio ninaouandika hapa.

Chumba changu kilikuwa cha kwanza mkono wa kushoto ukiingia. Kuta zilikuwa za udongo na miti, na sehemu moja zilikuwa nyeusi kwa moshi wa ule moto wa wakati wa mashambulizi, ambao ulizimika wenyewe bila mtu kuuzima. Kulikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia shati, na kamba mbili za kukwelea zilizofumwa kwa makumbi, ambazo Assumane alinisihi nisizisogeze. Nilipanga pale kwa sababu nyumba nyingine zote zilikuwa zimejaa watu waliorudi, jamaa kumi juu ya mkeka mmoja, na ya Assumane ilikuwa tupu. Niliona ni bahati. Baada ya wiki nikaelewa kwa nini ilikuwa tupu. Mwanawe Jamali alikuwa ameondoka kwenda Mocímboa kutafuta kazi bandarini, muda mfupi kabla ya mji kuvamiwa, na hakuonekana tena. Wapo waliosema aliuawa siku ya kwanza. Wapo waliosema wamemwona msituni, ameshika bunduki. Ukimwuliza Assumane, alijibu neno moja tu, "Sijui," kisha akaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya. Mkewe, Bi Fatima, alikuwa amekimbilia Mtwara na binti zao na hakuwa amerudi bado. Tulikuwa tukila pamoja jioni, mimi na yeye, ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi wenye samaki mdogo, bila maneno mengi. Alikuwa mpishi mzuri kuliko mimi. Ukuta ulikuwa mwembamba, na baada ya kula nilimsikia akizungumza na mkewe kwa simu, akiinua sauti kama watu wafanyavyo wanapodhani umbali unahitaji kelele.

"Bado," alikuwa akimwambia. "Nimekwambia bado. Nyumba ipo. Si nyumba. Ni watu." Kimya. "Hawanifukuzi. Hakuna anayenifukuza. Hawasemi kitu." Kimya tena. "Wakila na mimi, utakuja. Wasipokula na mimi, nitakuja mimi huko. Ngoja mvua zipite."

Ili msomaji asiyetoka kwetu aelewe maneno hayo, lazima nieleze jambo moja la misibani. Katika pwani ile, watu wakikaa kula chakula cha matanga, maji ya kunawa huja kwenye bakuli moja. Bakuli linaanza kwa mkubwa wa safu, ananawa, anampa wa pili, wa pili ananawa ndani ya maji yale yale, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mkeka. Maji yakifika kwa watu wa mwisho yamekuwa ya kijivu. Hakuna anayelalamika. Kunawa maji ya mwenzako ni kumwambia kwamba huna kinyongo naye. Waliogombana wakitaka kupatana, hukaa bega kwa bega msibani kwa makusudi, bakuli likapita kati yao, na jambo limekwisha bila hotuba. Kwa upande wa afya ni balaa. Kipindupindu kilikuwa kimeshafika katika vijiji vya jirani mwaka ule, kwa sababu visima vilikuwa vimeharibika na watu walikuwa wengi kupita vyoo, na kama kuna njia ya kuugawa ugonjwa huo kwa haki na usawa ni bakuli lile likifuatiwa na wali wa kuliwa kwa mkono.

Mradi ulijua hivyo. Kabla sijafika, ulikuwa umebandika picha kila mahali: bakuli lenye mistari miwili myekundu juu yake, na pembeni mkono unaomiminiwa maji. Maaktivista walipita na kipaza sauti wakisema, "Usinawe maji ya mwenzako! Omba umiminiwe!" Picha ilikuwa nzuri. Maneno yalikuwa sahihi. Tatizo lake nililiona mimi, kwa macho yangu, katika msiba wa kwanza nilioalikwa, na mpaka leo sijakutana na mtu wa ofisini aliyeliona kabla sijamwonyesha.

Tulikuwa tumekaa safu ndefu uani. Mimi nilikuwa upande wa kulia wa Assumane, na kushoto kwake alikuwa Saide mwenye duka, mjumbe wa kamati ya afya, mtu aliyehudhuria semina na kupewa fulana. Bakuli lilianza kwa shehe. Likapita kwa wazee, likapita kwa wavuvi, kila mtu ananawa. Nilinawa mimi pia, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Nikampa Assumane, akanawa taratibu, akakung'uta vidole, akamsogezea Saide. Saide akarudisha mikono yake nyuma. "Mimi naomba nimiminiwe," akasema. Akaletewa kopo. Wa baada yake akasema hivyo hivyo, na wa baada ya huyo pia, mpaka mwisho wa mkeka. Kwa hiyo safu yetu ilikatika sehemu mbili. Watu wote kabla ya Assumane walinawa pamoja, na watu wote baada yake walimiminiwa. Hakuna aliyesema neno baya. Wali ukaletwa, ukaliwa. Nilimsikia mtu upande wa pili wa ua wa makuti, mwanamke, akimwambia mwenzake polepole, "Umeona? Mradi wenyewe unajua," na mwenzake akajibu, "Shii, we!"

Sijui mpaka leo kama Saide alikuwa akiifuata picha au alikuwa akimkimbia Assumane. Nimemwuliza zaidi ya mara moja, akanijibu kwamba hata yeye hajui. Lakini hesabu yake ni rahisi, na hii ndiyo ninayowafundisha vijana wangu sasa. Ukimwambia kila mtu akatae bakuli, lazima awepo wa kwanza kukataa. Wa kwanza kukataa lazima awe amekaa baada ya mtu fulani. Na huyo mtu fulani umeshamhukumu mbele ya kijiji, katika mwaka ambao watu walikuwa wakichunguzana kujua nani alikuwa wapi, na mwana wa nani yuko msituni. Wale maaktivista wawili waliofukuzwa, walifukuzwa kwa hili. Kila nyumba iliona wamekuja na orodha ya watu wabaya, ila wameificha kwenye picha. Baada ya msiba ule, watu wakarudi kwenye bakuli kwa nguvu mpya, maana kuomba kumiminiwa sasa kulikuwa sawa na kumnyooshea jirani kidole. Assumane yeye hakukaa tena kwenye mkeka wa mtu. Alikwenda misibani, alibeba jeneza, alichimba, na wakati wa chakula alisema ana minazi ya kukwea.

Nilimweleza Celestino. Alinisikiliza huku akitazama simu, akasema suluhisho lipo: ndoo zenye koki. Zikaja. Lakini ukiweka ndoo pembeni ya ua, mtu ainuke kwenye mkeka aende kunawa peke yake, umerudi pale pale, kwa sababu watu wataangalia ameinuka pembeni ya nani. Ndoo zikawa za kuwekea unga. Kisha akaleta mabirika ya plastiki, ya rangi nzuri, gari zima. Nilipoyaona nilisimama tu. Kwetu birika la plastiki la namna ile ni la chooni. Kila nyumba ya Mwislamu inalo, na kila mtu anajua linakaa wapi. Hakuna mama atakayekubali litie maji mkono unaokwenda kwenye wali. Shehe alilishika moja kwa vidole viwili, akaniuliza, "Dotori, hili tunywee na chai?" Walinipa jina hilo, Dotori wa Mabirika, yaani daktari wa mabirika, na walidhani litaniudhi. Mabirika yakagawiwa, yakapelekwa panapostahili, na nakiri vyoo vya Quionga vilipendeza mwaka ule.

Wazo lililofanya kazi lilikuwa langu. Nililipata nikiwa nimekaa barazani nasikiliza jinsi watu walivyomsalimia Assumane anapopita. "Assalaam alaykum, Bwana Assumane." "Waalaykum salaam." Basi. Walimsalimia kwa adabu kamili. Hakuna aliyemwambia, we mzee kima, shuka chini. Hakuna aliyemwuliza kama amemwibia dafu. Wakwezi wote wa pwani wanatukanwa kila siku. Ni haki yao kama vile mwenye duka kuitwa mwizi wa mizani. Huyu peke yake alikuwa anapewa heshima, na heshima ile ilikuwa inamfukuza kijijini kuliko mawe. Nikajua kwamba anayeweza kuwatia watu maji mikononi bila kumhukumu yeyote ni mtu mwenye ruhusa ya kuwatukana wote.

Mtu huyo tulikuwa naye. Alberto alikuwa Mmakonde wa nyanda za juu, Mkristo, mchoma mkaa, aliyeshuka pwani wakati wa vita na kubaki. Ukoo wake na koo nyingi za pale ni watani wa misiba tangu enzi za mababu. Mtani msibani anafanya atakalo: anavaa kanga ya marehemu, anazuia jeneza mlangoni mpaka apewe kitu, anamwambia mfiwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwa kuyasema, na mfiwa anacheka huku machozi yanamtoka. Alberto alikuwa hodari wa kazi hiyo na alijua hivyo. Nilimkuta kwenye tanuru lake, uso mweusi kwa vumbi, nikamweleza: msiba ujao, wewe na watani wenzako ndio mnaonawisha, mnaanza na mkubwa kuliko wote, hakuna anayeomba kumiminiwa na hakuna anayeulizwa, kila mtu anamiminiwa na kila mtu anatukanwa.

"Hiyo naiweza hata nikiwa nimelala," akasema. "Utanipa fulana?"

"Sina fulana. Lakini usimruke Assumane."

Aliacha kupepea. "Hapo ndipo penye kazi, Dotori. Sikiliza. Mtu aliyefiwa namtania. Ni kazi yangu. Mtu mwenye aibu namwacha, nisije nikachokonoa kidonda. Yule ni yupi? Amefiwa, au ana siri? Sijui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana midomo yetu imefungwa kwake."

"Naye hajui," nikamwambia. "Mwache Jamali alipo. Wewe mtanie mkwezi."

Alinitazama, akatema mate pembeni, akaendelea kupepea moto. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Celestino ndiye aliyenijibu hapana, wazi kabisa, tena kwa Kireno kirefu: msiba si shughuli ya mradi, matusi si ujumbe wa afya, na ofisi haitanunua mabirika mengine. Nilimwambia nitafanya siku yangu ya mapumziko, kwa vyombo vya kuazima. Alicheka. Akasema mtu wa diploma anakwenda kuombaomba mabirika ya chai.

Aliyefariki alikuwa Bi Anchia, mama wa mkuu wa kijiji, kwa uzee wake, na hilo nalo lilikuwa kama neema, kifo cha kawaida. Nilipita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Nyumba moja ilinipa birika la bati lenye mkono uliofungwa waya, nyingine la aluminiamu jeusi kwa masizi, nyingine jipya ambalo mwenyewe alilifunika kwa leso kana kwamba ni mtoto. Saide alinipa kubwa kuliko yote, la dukani kwake, lililokuwa likichemsha chai ya wapagazi. "Likipata pancha utanunua," akasema. Kila mama aliponipa aliniambia lile lile, nusu mzaha nusu kweli, "Na usinirudishie tupu," maana kwetu chombo cha kuazima hakirudi bila kitu ndani. Nilisema sawa kwa wote. Sikuwa na kitu cha kutia.

Assumane nilimpata anakunja kamba zake baada ya maziko, anajiandaa kuondoka. "Nina minazi," akaniambia.

"Minazi haiendi popote, mzee wangu. Kaa na mimi leo."

"Momade, mimi nimeshamwambia mama watoto kwamba navuka wiki ijayo. Usinitie tena katika safu ya watu."

"Kaa na mimi leo. Ukishakaa, vuka."

Alikaa. Sijui kwa nini. Nadhani alichoka tu kukataa. Nilimweka katikati ya safu, Saide yuko mbele yetu mkeka wa pili, na wali ulikuwa umeshapakuliwa, nasikia harufu ya nazi kutoka jikoni. Hapo akatokea Alberto, kanga ya Bi Anchia imefungwa kichwani, kipande cha sabuni kwapani, na birika la Saide mkononi akiligonga kwa kijiko. Nyuma yake watani wenzake na mabirika mengine na mabeseni ya kukingia.

"Leo nanawisha mimi!" akapiga kelele. "Bikizee amekufa na utani wangu hajaulipa, kwa hiyo mtanilipa nyinyi. Shehe! Toa mikono. Unawasomea watu usafi kila Ijumaa, wewe mwenyewe unanawa kama paka. Sabuni, Shehe, sabuni, huo si ubani!" Shehe alinyoosha mikono yake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mkuu wa kijiji, mfiwa mwenyewe, aliambiwa mikono yake inanuka kodi. Wavuvi waliambiwa wana magamba mpaka rohoni. Kila mtu alimiminiwa, na kila mtu alisuguliwa sabuni na Mmakonde anayetukana, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukataa wala kuomba. Alipofika kwa Saide alimwaga mara mbili. "Hii ya kwanza ya mikono, hii ya pili ya mizani." Mimi akaniambia, "Dotori, wewe huna uchafu, kwa sababu huna kazi," na safu nzima ikacheka. Niliisikia ile kelele kama mtu aliye ndani ya nyumba anavyosikia mvua. Nilikuwa naangalia mikono ya Assumane, imekaa juu ya magoti, viganja vimefungwa.

Alberto alisimama mbele yake. Kicheko kikapungua chenyewe, kutoka mbele kwenda nyuma. Birika lilikuwa limeinama kidogo bila kutoa maji. Mtu mmoja alikohoa. Nilifikiri, atampitisha kwa adabu, atammiminia kimya kimya, na ikiwa hivyo basi huyu bwana amekwisha na mimi nimekwisha naye.

"Wewe kima," Alberto akasema.

Akasogeza birika mbele.

"Nimekuambia wewe kima. Unapanda minazi ya watu, unakunywa madafu huko huko juu kimya kimya, unashuka unafuta mdomo, unatuambia mwaka huu hayakuzaa. Tukikuangalia tumbo, tumbo limezaa! Leta mikono. Au unanawa kwa miguu?"

Assumane aliinua uso. Alimtazama Alberto kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akafungua viganja, akavinyoosha. "Mimina taratibu, Mmakonde," akasema, na sauti yake ilikuwa na kutu. "Kwenu milimani maji mnayaona kwa mwaka mara moja. Usije ukayashangaa yakamwagika."

Nyanda za juu kweli hazina maji, kila mtu anajua hivyo, na kila mtu alicheka, watani wenyewe kwanza, mpaka Alberto akalazimika kuweka birika chini. Akalichukua tena, akammiminia, akamsugua mikono kwa sabuni kwa nguvu kupita wote, mpaka kwenye viwiko, huku akimtukana bila kupumzika, na Assumane akimjibu. Kisha akasogea kwa mtu wa baada yake na kumwambia kwamba masikio yake ni machafu kuliko mikono. Wali ukaja. Watu watano walikula kwenye sinia moja na Assumane. Mmoja alimvutia kipande cha samaki upande wake. Mimi nilikula pia. Ulikuwa na chumvi nyingi.

Jioni ile, ukutani kwangu, nilimsikia akipiga simu. Hakupaza sauti kama kawaida yake, nikalazimika kutulia ili nisikie. "Njoo," akasema. Kimya. "Ndiyo, njoo. Na lile sufuria kubwa ulilokimbia nalo, lilete." Mwanamke alizungumza sana upande wa pili. "Hapana," akamjibu mwishowe. "La Jamali halina habari. Hilo liko vile vile."

Tangu hapo, mtindo ule wa watani kunawisha ulishika Quionga, ukaenda vijiji vingine bila mimi kuupeleka, na Celestino akauandika kwenye ripoti yake kama jambo alilolibuni yeye. Simlaumu. Wanaojua wanajua. Nilichobakiwa nacho mimi ni mabirika ya watu, yamepangwa chumbani kwangu kando ya zile kamba za makumbi, na ahadi ya kutoyarudisha matupu, na mfuko ambao haukuwa na sukari wala unga. Nilimwambia Assumane jambo hilo kama mtu anayesema tu. Yeye alichukua kamba, akatoka. Aliporudi alikuwa na madafu ya kutosha mpaka akayavingirisha uani. Aliyakata moja moja juu ya kila birika, maji yakaingia, akafunika. Tukayabeba, mikono yangu miwili na yake miwili, tukirudi kuchukua mengine, nyumba baada ya nyumba.

Hakuna aliyeuliza ni nani amekwea wala ni mikono ya nani imekata. Mama wa birika la waya alimimina kwenye kikombe, akanywa, akawapa watoto. Yule wa leso alionja kwanza kwa kidole, akasema ni tamu. Nyumba nyingine walilichukua lao, wakaliweka ndani, wakasema ahsante, na sikujua wamelinywa au wamelimwaga, na sikuuliza. La mwisho lilikuwa la Saide. Alikuwa nyuma ya mizani yake, wateja wapo. Assumane mwenyewe aliliweka juu ya meza. Saide alilifunua, akatazama ndani, akanusa. Saide hakuwa mtani wa Assumane. Hakuwa na ruhusa yoyote.

"Haya madafu ni ya mnazi gani?" akauliza.

"Ule wa nyuma ya msikiti," Assumane akasema.

"Ule ni mnazi wangu, mwizi wee! Unaniibia dafu, halafu unanilipia kwenye birika langu mwenyewe?"

Aliinua birika kwa mikono miwili, akaweka mdomo kwenye mdomo wa birika, akanywa mpaka yakamtiririka shingoni, akampa Assumane. Assumane akanywa. Wakanipa mimi, nikanywa, nikalirudisha mezani. Kisha nikatoka nje barabarani, mikono mitupu, sina chombo cha mtu yeyote.